Bahari Aliyoletewa Mama

Wiki ile tulipokuwa tukitoa vitu stoo baada ya kumzika baba, mdogo wangu Maduhu alinipa dumu la njano akaniuliza kama bado linafaa kuchotea maji. Kifuniko kilikuwa kimekaza. Nilikifungua kwa pindo la kanga, nikanusa ndani kama tunavyonusa dumu lolote kabla ya kulitia maji, kwa kuogopa mafuta ya taa. Hayakuwa mafuta ya taa. Ilikuwa harufu ya chumvi iliyochacha, ya mawe mabichi, ya kitu kilichokuwa hai zamani. Nilikaa chini pale pale mlangoni. Maduhu alidhani nimezidiwa na msiba, akaniletea maji ya kunywa. Ulikuwa uchovu ndio uliokuwa umenirudia, uchovu wa nyumba yetu ya Bariadi kipindi kile tulipofuga bahari.

Ninyi mliokua miaka ile mnajua ninachosema nikisema kiwanda. Sisi tuliamka kwa king'ora chake, tukala kwa king'ora chake. Pamba iliingia kwa malori, ikapita kwenye mashine, ikatoka marobota, na vumbi lake jeupe likatua kwenye sufuria zetu na kwenye kope zetu. Halafu zikaja siku za ruksa. Wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao na magari yao, madukani vikajaa vitu ambavyo sisi watoto hatukujua kama vinaliwa au vinachezewa, na king'ora kikanyamaza. Mwanzoni watu walisema mashine inatengenezwa. Baadaye wakaacha kusema.

Mama alikuwa nesi wa zahanati ya kiwanda. Ilikuwa chumba kimoja tu, chenye kitanda, kabati la dawa na benchi la kusubiria, lakini pale ndipo walipoletwa wote waliokatwa vidole na mashine na wote waliokohoa vumbi. Kiwanda kilipofungwa na zahanati ikafungwa. Mama alirudi nyumbani na sare zake mbili nyeupe na mpira wa dripu uliokuwa utupwe. Alizifua sare, akazipiga pasi, akazilaza kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Baada ya hapo alianza kunyamaza. Hakuwa mgonjwa. Alipika, alilima, alichota maji, alitujibu tulipomuuliza jambo. Ila alijibu kama mtu aliye chumba kingine.

Alikuwa ametoka mkoa wa Tanga, na kwa watu wa kwetu hilo lilitosha. Mtu wa Tanga ni mtu wa pwani, na mtu wa pwani ni wa bahari. Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko chetu. Sisi tulioongea Kisukuma kwa bibi na Kiswahili shuleni tulimsikiliza kama redio. Hakujua kukamua ng'ombe. Akisalimiwa mwangaluka aliitikia vizuri, ila ulimi ulijikwaa kidogo, na majirani walicheka bila ubaya. Alipoanza kunyamaza, kila mtu alikuwa na maelezo. Mama Holo, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliniambia siku moja nilipokuwa nikimsaidia kupeta mchele wake, "Mayu, mwanangu, mtu wa pwani akinyamaza hivyo ujue bahari inamwita. Ikizidi kumwita, ataondoka."

Nilikuwa darasa la tatu. Niliyapokea maneno yale kama yalivyo. Nilijua tangu siku ile kwamba bahari ina sauti, kwamba sauti yake inafika mpaka Bariadi, na kwamba mama peke yake ndiye anayeisikia. Akisimama na ndoo kichwani akitazama upande wa barabara, niliamini anasikiliza. Nilikuwa naanza kuimba kwa nguvu, wimbo wowote wa shule, ili asisikie vizuri.

Aliyeamini kuliko sisi wote alikuwa baba. Alikuwa dereva wa malori ya ushirika, na malori yalipouzwa alichukuliwa na mnunuzi mmoja binafsi kumpelekea marobota yake bandarini. Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya jinsi alivyompata mama. Alikuwa kijana, amepeleka pamba Tanga, gari limeharibika, akakaa mjini akingoja kipuri. Mama alikuwa mwanafunzi wa unesi. Kila Jumapili walikwenda kukaa ufukweni. "Mama yenu alikuwa anapenda bahari huyu," alituambia, "mnaweza kukaa mpaka giza linaingia hajasema twende." Mama akiwa karibu alitabasamu kidogo na kuendelea na kazi yake.

Kabla bahari haijaja, alikuja mtu mmoja mzima kutoka Mwandoya. Watu walikuwa wameanza kuruhusiwa kufungua zahanati zao wenyewe, naye alikuwa anafungua yake, anatafuta nesi. Alikuwa amesikia habari za mama kwa watu wa kiwanda. Baba alimkaribisha kiti, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwa upole kwamba Mama Minza, akimwita kwa jina langu, hayuko sawa siku hizi, amekumbuka kwao, kazi ya mbali hataiweza. Mgeni akasema pole, akanywa chai, akaondoka. Mama alikuwa jikoni anakoroga uji, na dirisha la jiko letu halikuwa na kioo. Nilimwona anaacha kukoroga. Mwiko ulisimama katikati ya sufuria. Halafu akaendelea.

Safari iliyofuata baba alikwenda Dar es Salaam na alichelewa kurudi. Aliporudi, lori lilikuwa limebeba marobota ya mitumba ya tajiri wake, na katikati ya marobota yale, pamefungwa kwa turubai na kamba nyingi, palikuwa na tangi la kioo lenye urefu wa mkono wa mtu mzima na ushee, madumu ya njano kadhaa, na pipa la plastiki lililofunikwa gunia bichi. Alikuwa hajalala. Njia nzima, alisema, alikuwa akisimama kupiga pampu ya baiskeli kwenye lile pipa, hata Singida, hata porini, abiria aliowapakia njiani wakidhani amerukwa na akili. Macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa akicheka peke yake.

Meza yetu ya kulia ilitolewa vitambaa ikasogezwa ukutani, mbali na dirisha. Tangu siku ile tulikula mkekani. Baba aliweka tangi juu ya meza, akamwaga mchanga mweupe, akapanga mawe aliyoyatoa kwenye pipa moja moja. Mawe yale yalikuwa na matundu na rangi za ajabu, zambarau, kijani, nyekundu ya kutu, na alituonya tusiyashike kwa mikono yenye sabuni kwa sababu yana uhai. Maduhu aliuliza kama yataota. Baba akasema ndiyo, polepole sana. Halafu akamimina maji ya bahari kutoka kwenye madumu, dumu baada ya dumu, na ile harufu ikajaa nyumba nzima kwa mara ya kwanza.

Umeme kwetu haukuwepo. Mtu aliyempa vitu vile baba, mkusanyaji wa samaki wa mapambo huko Dar es Salaam, alikuwa amemweleza namna ya kufanya. Baba alichukua tyubu ya tairi la lori, akaijaza upepo, akafunga kwenye mdomo wake ule mpira wa dripu wa mama. Mwisho wa mpira aliuchomeka kwenye kipande cha jiwe la kusugulia visigino, akakizamisha majini. Akalegeza kile kigurudumu ambacho manesi hutumia kupunguza dawa. Vikaanza kupanda vipovu vidogo vidogo, vingi, mfululizo. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama ule mpira wake kwa muda mrefu kuliko alivyotazama mawe.

Nisiseme uongo, ilikuwa nzuri. Palikuwa na samaki wawili wadogo wa rangi ya bluu ya kufulia, wakikimbizana kwenye matundu ya mawe. Palikuwa na kaa mdogo aliyebeba nyumba ya konokono mgongoni, akitembea kama mzee anayehama. Na palikuwa na tumbawe moja laini, kama kichaka cha vidole vya mtoto, lililojikunja siku ya kwanza likawa kama ngumi, na kesho yake likafunguka lote na kuanza kupunga. Mimi nilikuwa sijawahi kuona kitu kisicho na uso kikifurahi. Nilisimama mbele yake mpaka nikachelewa shule.

Baba alimshika mama mkono akamvuta karibu. "Umeiona bahari yako?" alimuuliza.

Mama aliingiza vidole majini, akavitoa, akavifuta kwenye kanga. Akasema ahsante, Baba Minza. Kisha akauliza nani atajaza tyubu baba akiwa safarini.

Baba akamweleza yote, akifurahia kila neno. Tyubu isinyauke. Maji yakipungua kwa joto aongeze maji baridi yasiyo na chumvi, kwa sababu kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Maji ya mvua ndiyo mazuri, yakikosekana yachujwe kwa kitambaa mara kadhaa. Tangi lisipate joto, lizungushiwe magunia mabichi mchana. Chakula kidogo tu, vumbi la dagaa. Kioo kifutwe ukungu wa kijani. Mama alisikiliza akitikisa kichwa kama alivyokuwa akifanya zamani daktari wa wilaya akimwachia maagizo ya mgonjwa. Baada ya siku chache baba akaondoka tena.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na sijui niielezeje kwa watu ambao hawajawahi kufuga kitu kisichoweza kulia. Mbuzi akiwa na kiu atalia. Bahari ile haikulia. Ilikuwa inapungua tu, na mama alikuwa ameweka alama ya mkaa kwenye kioo, na kila jioni maji yalikuwa chini ya alama. Kiangazi kiliingia. Maji tulikuwa tukichota kwenye visima vya kuchimba mchangani mtoni, ukikaa pembeni unasubiri yajikusanye, unayateka kwa kikombe. Tukifika nyumbani mama aliyachuja kwa kitambaa, akayachuja tena, na ya kwanza kabisa, yaliyo safi, yalikwenda kwenye tangi. Yaliyobaki ndiyo tuliyopikia. Mchana alikuwa akirudi kutoka shambani kuja kulowesha magunia, kisha anarudi shambani. Tyubu ilikuwa inataka pampu asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala. Mimi nilikuwa nikipiga pampu kabla ya kwenda shule mpaka mikono inatetemeka nashindwa kushika kalamu vizuri. Maduhu alikuwa mdogo, kazi yake ilikuwa kuhesabu samaki na kutupa taarifa.

Na wageni. Watu walikuja kutoka mitaa yote, kisha kutoka vijijini. Walikuja waliosikia kwamba kwa dereva kuna bahari sebuleni, na mgeni hatazamishwi kitu akaachwa mlangoni. Mama alipika chai, aliosha vikombe, alipika tena. Mama Holo alichovya kidole akaonja, akatema mate nje, akasema kumbe ni kweli. Mjomba wa baba kutoka Bukundi alikaa mbele ya kioo na fimbo yake katikati ya magoti, akauliza kama samaki wale wataliwa lini. Alipoambiwa hawaliwi alisema huko kwao kuna maji ya chumvi mengi tu na hakuna mtu anayeyatunza.

Mimi sikulalamika. Nilikuwa na sababu yangu. Ikiwa bahari iko hapa ndani, nilifikiri, haina haja ya kumwita mama kutoka mbali. Atakuwa anaisikia hapa hapa. Nilikuwa naweka sikio kwenye kioo nikasikia vile vipovu, vurururu, vurururu, nikaamini ndiyo sauti yenyewe, na kazi yetu ni kuhakikisha haikomi. Ndiyo maana nilipiga pampu kama nilivyopiga. Nilimtazama mama usoni kila siku nikitafuta dalili. Nilichokiona ni kwamba macho yake yameingia ndani na kwamba jioni alikuwa akisinzia ameshika kijiko. Nilisema moyoni labda ndivyo mtu anavyokuwa akianza kupona.

Wa kwanza kutuacha alikuwa kaa. Asubuhi moja Maduhu alileta taarifa kwamba kaa hayupo. Tulimtafuta, tukamkuta nyuma ya gunia la mahindi, amekauka, amepanda kwenye mpira wa dripu na kutoka nje akaenda zake. Maduhu alilia sana. Mama alimchukua yule kaa akamtia kwenye kiganja, akamwangalia, akasema kwa sauti ndogo, si kwetu, "Angalau huyu alijaribu." Sikuelewa alimaanisha nini. Nilidhani anamhurumia.

Halafu kona moja ya tangi ikaanza kuvuja. Ilikuwa unyevu tu mwanzoni, chumvi nyeupe ikijipanga kwenye mguu wa meza. Mama alitia sufuria chini na kurudisha maji yaliyodondoka, lakini mengine yaliingia kwenye sakafu. Maji matamu hayangeweza kurudisha yaliyopotea hivyo, maana hapa ilikuwa imepotea na chumvi yenyewe. Baba aliporudi aliziba ile kona kwa lami ya gari kwa upande wa nje, akafanikiwa. Ila maji yalikuwa nusu, mawe ya juu yamebaki hewani, na hakuwa ametoka baharini. Tajiri alikuwa sasa anampeleka Mwanza tu. Alituambia hivyo akiwa ametupa macho chini, kama vile ni yeye aliyeihamisha bandari.

Mama alimshauri asubiri. Alisema bora samaki wabanane kwenye maji hayo hayo mpaka apatikane mtu anayetoka pwani. Baba hakuweza kusubiri. Alikumbuka maneno ya mjomba wake, akaagiza chumvi ya huko Bukundi, ile wanayolambishwa ng'ombe, ikaja kwenye mfuko wa nailoni, ya kijivu, ya mabonge. Aliiponda, akaikoroga kwenye ndoo, akawa anaonja, anaonja na maji ya tangi, anaongeza, anaonja tena. Mwishowe akasema ladha ni ile ile. Alimpa na mama aonje. Mama akasema hajui. Baba akamimina.

Tumbawe lilijikunja jioni ile na halikufunguka tena. Kila asubuhi nilikwenda kulitazama. Lilikuwa ngumi, halafu likawa kitu cha kijivu kinachoachana vipande vipande. Samaki mmoja alielea. Mawe yaliyokuwa na rangi zote zile yakageuka kahawia, moja baada ya jingine, na harufu ikabadilika. Wageni waliacha kuja. Hata sisi tulianza kulia chakula uani. Ni mama aliyekuwa akiingia mle ndani na kitambaa puani, akitoa kilichokufa, akifuta kioo, akijaza tyubu kwa ajili ya yule samaki mmoja aliyebaki, ambaye alikuwa hakimbizani tena na mtu.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa, kwa jinsi nilivyoelewa mambo wakati ule. Bahari ya ndani ikifa, ile ya mbali itaanza kuita tena. Kwa hiyo siku niliyoingia chumbani nikakuta sanduku la bati limevutwa na sare nyeupe zimetolewa, zimekunjwa kwenye mkoba, sikushangaa. Nilikwenda nyuma ya nyumba na pampu nikaanza kuipiga hewani, ingawa tyubu ilikuwa ndani, imejaa. Dirisha la sebuleni lilikuwa juu yangu. Baba alikuwa ameingia, na mama alikuwa anamwambia kwamba ametuma ujumbe kwa yule mzee wa Mwandoya, na amejibiwa nafasi bado ipo.

Kisha nikasikia baba anasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Nimekuletea bahari mpaka humu ndani, Mama Minza. Sasa nifanye nini kingine?"

"Ungeniuliza," mama alisema.

Baba akauliza angemuuliza nini, wakati kila mtu alikuwa anaona kwamba amekumbuka bahari.

"Mimi ni mtu wa Muheza, Baba Minza. Kwetu ni machungwa na milima na mvua. Bahari niliiona mara ya kwanza nilipokwenda mjini kusomea unesi. Wewe ndiye uliyekuwa unataka twende ufukweni kila Jumapili. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kile kiukuta nakutazama wewe unavyoitazama."

"Ulikuwa unaipenda."

"Nilikuwa nakupenda wewe."

Niliacha kupiga pampu. Mama hakuwa na hasira. Ningetamani niseme alikuwa na hasira, maana hasira ingekuwa nyepesi zaidi kusikiliza. Alikuwa anaongea kama mtu anayeweka chini mzigo mmoja mmoja, kwa mpangilio, ili vilivyomo visivunjike. Alisema hakukumbuka bahari, alikumbuka kazi. Alikumbuka kuamka na kujua watu wanamngoja kwenye benchi. Alisema yule mzee alipokuja mara ya kwanza alikuwa jikoni, anasikia, na alingoja baba atoke aje amuulize hata neno moja, mpaka uji ukaungua. "Halafu ukaniletea hii," alisema, "na nimeitunza. Nimeitunza kwa sababu uliileta na macho mekundu. Ila nimechoka. Jumatatu naenda."

Nilisikia kiti kikisogea, kisha nikaona moshi wa sigara ya baba ukitoka mlango wa mbele. Nilikaa chini, mgongo ukutani, pampu mapajani. Nilikuwa nimejifunza kitu ambacho sikuwa na pa kukiweka. Bahari haikuwa imemwita mtu. Nyimbo zote zile nilizoimba, mikono yote ile niliyotetemesha, nilikuwa nazuia sauti isiyokuwepo.

Jumatatu mama alipanda pikapu ya kwenda Mwandoya na Maduhu mapajani, kwa kuwa hakuwa ameanza shule. Mimi nilibaki na baba. Mama alinishika kichwa akaniambia atakuja mwisho wa mwezi, nisome, nisimwachie baba kupika peke yake. Baba alimpandishia mkoba. Walipeana mikono, kama watu wawili wa ofisi moja, na gari likaondoka.

Pamba ilikuwa imekwisha msimu ule na baba hakuwa na safari. Alichukua kazi zote za mama za kutunza yule samaki, na ni hapo tu, nadhani, alipojua alikuwa amempa mke wake zawadi ya namna gani. Alichota maji mtoni, mwanaume peke yake kati ya wanawake, nao walimpisha kwa aibu yao na yake. Alichuja, alilowesha magunia, alipiga pampu. Siku moja alikaa chini katikati ya kazi, gunia linachuruzika mikononi, akaniuliza, "Na shambani alikuwa anakwenda saa ngapi?" Nikamwambia katikati. Alirudia lile neno peke yake.

Samaki alikufa kabla ya mwisho wa mwezi. Tulimkuta amelala ubavu kwenye mchanga. Baba alikata mpira wa dripu, akachota maji yote kwa ndoo akayamwaga nyuma ya nyumba, mbali na bustani, akatoa mawe akayarundika huko huko. Alisugua sakafu kwa majivu. Alisugua meza kwa majani makavu na sabuni mpaka mbao zikawa nyeupe, akaisogeza katikati ya sebule mahali pake, akaizungushia viti. Alifanya kazi ile siku nzima na hakuniruhusu nimsaidie.

Jumamosi mama alikuja na pikapu ya mchana. Alikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi, Maduhu amemlalia begani. Alikuwa amekonda zaidi, lakini alipotusalimia sauti yake ilitoka pale pale alipokuwa, si chumba kingine. Alisema juzi alizalisha mapacha na jana hakukaa chini kabisa. Alitazama sebule, akatazama meza. Alipitisha kiganja juu ya mbao mara moja, akavuta kiti akakaa.

Baba alikuwa amepika michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, pamoja na karanga. Ilikuwa imelainika kupita kiasi na alikuwa anajua. Tulikula. Nilimwona anaanza kusema jambo, anaacha, anasogeza kikombe, anaanza tena. Alikuwa anaogopa, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona baba akiogopa.

"Mama Minza," alisema mwishowe. "Huko Muheza kukoje?"

Mama aliinua uso. Alimtazama kwa muda, kama anayetaka kuhakikisha swali lilikuwa lake. Kisha akaegemea kiti, akafumba macho kidogo ili aone vizuri. Alisema asubuhi kuna ukungu, ukifungua mlango huoni hata zizi. Alisema baba yake alikuwa na michungwa nyuma ya nyumba, na mti mmoja uliokuwa unazaa mapema kuliko mingine, na wao watoto walikuwa wanaamka kabla ya…

Akanyamaza. Tulidhani anatafuta neno. Tulingoja. Kifua chake kikapanda na kushuka polepole, na mkono uliokuwa umeshika kikombe ukalegea. Alikuwa amelala, palepale kitini, mdomo wazi kidogo.

Baba alikitoa kikombe mkononi mwake asikiangushe. Alipiga magoti akamfungua kamba za viatu, kimoja, kisha cha pili, akaviweka pembeni. Maduhu alitaka kumtikisa mama amalizie. Baba alimshika mkono.

"Mwache," alisema. "Tutasubiri."